Kutekenya, Kutekenyana na Ridhaa

Kutekenya ni kazi ya watu wawili: mwenye vidole na mwenye mbavu. Ukijitekenya mwenyewe, hucheki. Mwaka 1998 watafiti wa London, akiwemo Sarah-Jayne Blakemore, walionyesha kwamba ubongo hubashiri mguso wa mkono wako mwenyewe na kuupunguzia makali. Mkono wa mwenzako haubashiriki hivyo. Ndiyo maana unachekesha, na ndiyo maana lazima uaminike.

Mwaka 1897 wanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall na Arthur Allin, waliligawa jambo hili mafungu mawili. Mguso mwepesi wa unyoya, usiochekesha, waliuita nismesisi; ule wa kubonyeza mbavu na kwapa hadi mtu aangue kicheko, gargalesisi. Sisi hatuna haja ya kuazima. Wa kwanza tuuite mnyeo, wa pili mtekenyo. Wapenzi watu wazima wanazihitaji istilahi hizi mbili, kwani anayefurahia mnyeo wa kidole mgongoni huenda asiustahimili mtekenyo wa kwapani.

Kisha kuna kutekenyana. Kiambishi -an- kinatuambia kwamba wote wawili wanatenda. Hakituambii kama wote wanataka. Hapo ndipo tunapohitaji neno ridhaa. Ruhusa waweza kupewa na mkubwa wako, lakini ridhaa hutoka moyoni mwa mwenyewe, naye huiondoa wakati wowote. Kicheko hakiwezi kushika nafasi yake: mwili uliotekenywa hucheka hata mwenyewe akiwa anateseka.

Neno la usalama, yaani la kusimamisha mchezo, tunalo tayari: “basi”. Tatizo ni kwamba wengi hulisema katikati ya kicheko, “Basi, basi, nakufa!”, huku wakitaka mchezo uendelee. Kwa hiyo wawili wachague mapema neno lisiloingia kwenye utani, tuseme “embe”, pamoja na ishara ya kugonga mara mbili kwa kiganja, maana aliyekatika pumzi hawezi kutamka. Wasipokubaliana hivyo, neno “basi” libaki na maana yake: komesha.

Yapo pia ya mwili. Mwenye pumu aseme mapema, na mwenye mbavu zinazouma vilevile. Usimkalie mwenzako kifuani. Mwachie nafasi ya kuvuta pumzi, na nafasi ya kujinasua.

Ulizaneni kabla ya kuanza: wapi, kwa nguvu gani, hadi lini. Na mwenzako akisema imetosha, toa mkono papo hapo, hata kama bado anacheka.