Kelele za kalipa ya breki

Kalipa ni chuma kinachokumbatia diski ya breki na kuibana kwa pedi mbili dereva anapokanyaga. Kwenye magari madogo mengi ya Gitega na Muyinga, Toyota Probox na Corolla zikiwamo, kalipa za mbele ni za kuelea: pistoni iko upande mmoja tu, na kalipa yenyewe huteleza juu ya pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo ibane. Breki za nyuma mara nyingi ni za ngoma, na kelele zake ni habari nyingine.

Pini hizo ndizo chanzo cha kesi nyingi. Kiangazi, tangu Juni, vumbi jekundu la njia za vilimani hupenya kwenye mpira wa pini uliopasuka. Mvua zikianza, tope na maji hufuata njia ileile na kuleta kutu. Lakini gari lililolala mvuani likikwaruza asubuhi kwa breki mbili tatu za kwanza, hiyo ni kutu nyepesi ya diski. Haihitaji fundi.

Uliza kwanza gari linalia wakati gani. Likigongagonga kwenye mashimo na kunyamaza mara breki inapoguswa, pedi zinacheza: vibati vya kuzishikilia vimelegea, au aliyebadilisha pedi mara ya mwisho hakuvirudisha. Mlio mwembamba wakati wa kukanyaga ni mtetemo wa pedi, au ni ule ulimi wa chuma uliowekwa makusudi ili uguse diski pedi inapobaki na milimita 2 au 3. Kuupinda ulimi huo ili gari linyamaze ni kujidanganya. Mlio usiokoma hata mguu ukiwa nje ya pedali unaonyesha pedi imeshika, au kijiwe kimenasa kati ya diski na bati lake la kinga.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma haungoji kesho, hasa kwa anayeelekea Bujumbura. Barabara kutoka Gitega hufika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi Ziwa Tanganyika, takriban mita 775. Breki inayoshika kwenye mteremko kama huo huchemsha mafuta yake. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yaliyokwisha kunyonya unyevu huweza kuchemka kwenye 140, na pedali ikazama.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani penye ardhi tambarare. Tairi za nyuma ziwekewe kabari, na gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo, kwa kuwa pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishwe na kufutwa. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa mafuta.

Weka pedi mbili pamoja. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, mara nyingi pini zimekwama. Pini nzima huteleza kwa vidole viwili. Iliyokufa hutoka kwa kuzungushwa na spana, ikiwa na grisi iliyoganda kama lami. Kubadilisha pedi na kuacha pini hivyo ni hasara tupu, kwani pedi mpya italiwa upande uleule. Isafishwe mpaka ing'ae, mpira uliopasuka ubadilishwe, kisha ipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na pini hukwama upya. Diski na uso wa pedi visiguswe na grisi kabisa.

Pistoni hurudishwa polepole kwa klampu, kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kikiwa wazi. Ikigoma, kalipa inahitaji mipira mipya au ibadilishwe, na hapo ni kazi ya gereji.

Kabla ya kuondoka, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Baada ya mwendo mfupi usio na mteremko, sogeza mkono karibu na rimu za mbele bila kuzigusa: iliyo moto kuliko mwenzake bado inashika.