Si Uongo wa Ruhusa, ni Kingaimani

Kuna orodha ya istilahi za dini inayozunguka Korogwe, imepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na ndani yake neno la Kiarabu taqiyya limefasiriwa "uongo wa ruhusa". Tafsiri hiyo imeshatoka kwenye karatasi ikapanda jukwaani. Kwenye mihadhara ya uwanjani, anayetaka kumshinda Mwislamu hahitaji hoja tena: humwambia tu kwamba dini yake imemhalalishia uongo, basi lolote atakalojibu lisiaminiwe. Na Mwislamu naye, kwa kuwa neno aliloletewa ni hilo, hujikuta akiutetea uongo ambao dini yake imeuharamisha. Nimeyasikia hayo Korogwe, nikayasikia tena Handeni. Kosa ni la mfasiri.

Hukumu yenyewe inajulikana, sina haja ya kuirefusha. Ammar bin Yasir aliteswa Makka baada ya mama yake, Sumayya, kuuawa kwa ajili ya imani. Akatamka waliyotaka watesi wake, akaenda kwa Mtume akilia. Wafasiri wanaihusisha habari yake na aya ya 106 ya Surat an-Nahl, inayomtoa hatiani aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia juu ya imani. Anayezungumziwa hapo ni mwenye kisu shingoni. Hakuna nafasi ya mfanyabiashara anayemzidishia mteja bei, wala ya shahidi anayeapa kizimbani. Na hata huyo mwenye kisu shingoni hana ruhusa ya kumuua mwingine ili apone yeye. Hilo wanazuoni wamelifunga. Orodha ile inamchukua mtu aliyeonewa na kumpa jina la mdanganyifu.

Sasa tuje kwenye mzizi, maana hapo ndipo waliotunga orodha walipopaswa kuanzia. Taqiyya imetoka katika waw, qaf na ya, mzizi wa kukinga. Humo mna wiqaya, yaani kinga. Humo mna taqwa, ambayo Kiswahili kimeiita uchamungu kutokana na kucha, yaani kuogopa, na kwa kufanya hivyo kimeshika nusu ya maana na kuiacha nusu ya pili, ile ya mtu kujiwekea kinga baina yake na ghadhabu ya Mola. Humo humo mna neno "waqina" katika dua ambayo kila mtoto wa chuoni, kuanzia Mombo hadi Mkata, anaijua kwa moyo, na mwalimu wake akiulizwa maana hujibu: utukinge. Tena katika sura hiyohiyo ya an-Nahl, aya ya 81, kitenzi cha mzizi huu kimetumika kwa mavazi yanayomkinga mtu na joto na deraya zinazomkinga vitani. Aya 25 tu kabla ya ile ya Ammar! Mwenye kufasiri angesoma sura moja tu kwa ukamilifu asingeandika alichoandika.

Wapo waliotaka tuliache neno lilivyo, tuliandike "takia". Niliambiwa hivyo na kikao kimoja ambacho sitakitaja, baada ya barua yangu ya kurasa nne kukaa kwao muda mrefu na kurudi na sentensi moja. Takia katika Kiswahili ni mto mkubwa wa kuegemea, na ni kitenzi cha kumtakia mtu heri. Msomaji wa Handeni aandikiwe kwamba Ammar alifanya takia? Mwingine, ambaye namheshimu kwa mengine, ameshikilia "ufichoimani". Hilo linataja tendo na kuisahau sababu. Na kuficha hakutoshi: yule muumini wa jamaa za Firauni katika aya ya 28 ya Surat Ghafir aliificha imani yake, lakini Ammar alitamka kinyume cha yaliyo moyoni. Neno letu lazima liwabebe wote wawili.

Mimi nasema kingaimani. Kiswahili tayari kina kingamwili, na hakuna mgonjwa wa zahanati aliyeshindwa kulielewa. Muundo ni uleule, mzizi wa Kiarabu unaheshimiwa, na neno halimhukumu mtu kabla hajasikilizwa.

Wasiseme jambo hili ni la Mashia peke yao. Ni kweli Mashia wamelikuza zaidi, kwa mateso waliyoyapata chini ya Bani Umayya na Bani Abbas. Na Makhoja, ambao ndugu zao walifika mwambao wetu, walilisikia likijadiliwa mahakamani Bombay mwaka 1866 katika kesi ya Aga Khan mbele ya Jaji Arnould. Lakini mwaka 1504 mufti wa Kimaliki, Msunni, aliwaandikia Waislamu wa Hispania waliolazimishwa ubatizo namna ya kuswali kwa ishara. Maibadhi nao, waliotawala Unguja, wana kitman, hali ya jamaa kuishi kwa siri isipokuwa na nguvu ya kujidhihirisha.

Hata hivyo neno lina mpaka wake. Mzee mmoja wa Handeni alinionyesha cheti chake cha shule ya misheni. Jina limeandikwa Petro, kwa wino wa bluu, na mbele yake jina la baba: Abdallah. Nyumbani aliitwa Juma, na Ijumaa alikuwa msikitini. Aliniuliza kama alidanganya. Nilimjibu kwamba mtoto wa miaka tisa hakuchagua, na jina liliwekwa na waliokuwa na ufunguo wa darasa. Lakini sikuliita jambo hilo kingaimani, kwa sababu hakutishiwa maisha, na istilahi ikipanuliwa kumridhisha kila mtu itarudi kuwa ileile "ruhusa" ninayoipinga.

Vivyo hivyo ile hadithi ya Umm Kulthum bint Uqba inayoruhusu yasiyo kweli kwa anayepatanisha watu, katika vita, na katika maneno ya mume na mke. Huo ni mlango mwingine wa fiqhi, nao utafutiwe istilahi yake.

Matumizi: kingaimani hii, kingaimani hizi, alitamka kwa kingaimani; na kitenzi ni kukingia imani. Barua yangu nimeituma upya, na safari hii nimeambatisha aya zote mbili za an-Nahl.