Profesa Amandina Lihamba: Mwigizaji aliyewafundisha wasichana kusema

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

UKIMTAKA kijana wa mjini Ifakara akutajie waigizaji wa kike wa filamu za Tanzania, yaelekea atakutajia bila kusita nyota wa filamu zilizovuma kuanzia miaka ya 2000, ambazo kanda na diski zake zilisambaa hadi kwenye mabanda ya video ya Bonde la Kilombero. Jina la Profesa Amandina Lihamba ni nadra kutajwa.

Hata hivyo, mwanamama huyo ndiye mmoja wa wahusika wakuu wa Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kuwasilishwa kuwania Tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha ya kigeni, mwaka 2001. Nchi ilisubiri hadi mwaka 2022 kuwasilisha filamu ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi.

Makala haya yanaeleza safari yake ya sanaa, na kwa nini safari hiyo inawahusu pia wakazi wa bonde hili la mpunga na miwa.

Jukwaani na darasani

Profesa Lihamba alizaliwa mwaka 1944. Tofauti na waigizaji wengi waliomfuata, aliingia katika filamu akiwa tayari ni mwandishi wa tamthilia, mwongozaji na mhadhiri wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha mwandishi na mtengeneza filamu wa Senegal, Ousmane Sembène. Ikafuata Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na baadaye Mkutano wa Pili wa Ndege, mwaka 1992.

Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Mwanamke aliyenyamaza miaka 20

Mwaka huohuo wa 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambamo Profesa Lihamba aliigiza. Filamu hiyo inamhusu mwanamke ambaye maradhi yake yanashindikana hospitalini, naye anaogopa kwenda kwa mganga wa jadi.

Suala hilo lilirudi kwa uzito zaidi katika Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Mulvihill. Humo Profesa Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye hajazungumza kwa miaka 20. Anahudumiwa na daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika, Asira, aliyeigizwa na BarbaraO. Mwanajuma Ali Hassan ndiye Maangamizi, bibi wa kale anayemwongoza Samehe kurudi katika usemi.

Kumwigiza mtu asiyesema ni kazi ngumu, kwani mwigizaji hubaki na macho, mikono na pumzi tu.

Kwa wakazi wa Kilombero na Ulanga, hadithi ya mgonjwa anayetengwa si ngeni. Huko Mahenge, juu ya bonde hili, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 baada ya kukuta wagonjwa wakiogopwa na kuepukwa, kwa dhana kwamba ugonjwa huo huambukiza.

Kutoka Malya hadi Tuseme

Nje ya filamu, Profesa Lihamba alitumia sanaa kuwafanya walionyamaza waseme. Katika miaka ya 1982 na 1983, yeye, Penina Mlama (Muhando) na Eberhard Chambulikazi waliendesha mradi wa sanaa za maonyesho katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji walibainisha matatizo yao wenyewe, likiwamo la wasichana kupata mimba, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo, kisha wakayajadili hadharani.

Mbinu hiyo ndiyo iliyokuzwa katika miaka ya 1990 na kuwa Tuseme, mpango alioshirikiana na Profesa Mlama kuuanzisha. Wanafunzi wa kike wa sekondari hufundishwa kueleza vikwazo vya masomo yao kwa njia ya maigizo na kudai ufumbuzi kwa walimu na wazazi. Mpango huo ulienezwa katika nchi kadhaa za Afrika kupitia shirika la FAWE.

Umuhimu wake unaonekana wazi katika Bonde la Kilombero. Msimu wa mpunga unapofika, familia nyingi huhamia kwa miezi kadhaa katika mashamba ya mbali na kuishi kwenye madungu. Mzazi hulazimika kuchagua: aende na mtoto shambani akose masomo, au amwache kijijini bila mwangalizi. Msichana anayeachwa hivyo, likimpata la kumpata, mara nyingi hana wa kumwambia.

Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni. Ruhusa hiyo inafungua mlango wa darasa, lakini haimwondolei msichana hofu ya kueleza yaliyomsibu. Hofu hiyo ndiyo ambayo Malya na Tuseme zilikusudia kuiondoa, na maigizo ya namna hiyo hayahitaji kamera wala umeme.

Mwaka 2007 Profesa Lihamba alikuwa miongoni mwa wahariri wa juzuu ya Afrika Mashariki ya mkusanyiko wa maandishi ya wanawake wa Afrika, kazi nyingine ya kuhifadhi sauti zilizokuwa hatarini kupotea.

Filamu zake ni chache. Lakini kwa wasichana waliopitia Tuseme, jukumu lake kubwa zaidi lilikuwa kuwapa wao jukwaa.