Msomaji wa Likizo: Maktaba ya Umma, Mtoto na Suala la Uhakiki

Historia ya fasihi ya watoto aghalabu imeandikwa kama historia ya waandishi na wachapishaji. Huelezwa ni nani aliyetunga nini, mwaka gani, na kitabu kikatolewa na shirika lipi. Mtoto mwenyewe, yule anayekichukua kitabu rafuni na kukirudisha baada ya wiki mbili, hukosekana katika maelezo hayo. Hukosekana vilevile mtu wa tatu anayesimama baina ya mwandishi na mtoto, yaani mkutubi. Makala haya yananuia kumchunguza mkutubi huyo katika kipindi ambacho mamlaka yake huwa makubwa kuliko wakati mwingine wowote: likizo, mwalimu anapokuwa hayupo na mtaala umefungiwa kabatini. Hoja yetu ni kwamba shughuli za usomaji wa likizo katika maktaba za umma, ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa njia ya kuwashughulisha watoto wasizurure, zilikuwa uwanja wa uhakiki wa fasihi. Na kwamba sehemu bora ya uhakiki huo ilifanywa na watu ambao idara za fasihi hazijazoea kuwahesabu miongoni mwa wahakiki.

Desturi tunayoizungumzia ilianza Marekani katika miaka ya 1890. Shule za huko hufungwa kwa muda mrefu wakati wa kiangazi. Mtoto wa shambani alikuwa na kazi ya kufanya katika miezi hiyo. Mtoto wa mjini hakuwa nayo, na mji ulimwogopa. Ni katika miji, basi, ambako maktaba zilijitwika jukumu la kuijaza likizo kwa vitabu.

Caroline Hewins aliingia katika kazi ya ukutubi mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1875. Maktaba aliyoikuta ilikuwa ya wanachama waliolipa ada, na haikugeuzwa kuwa ya bure kwa umma hadi 1892. Mwaka 1882 alichapisha orodha ya vitabu vinavyowafaa vijana, na baadaye akawa akikutana na watoto wakati wa likizo kuzungumza nao juu ya vitabu. Mazungumzo hayo yanastahili kutiliwa maanani. Hewins hakuwa mtu wa kupenda kila kilichopigwa chapa. Hadithi za rejareja za wakati wake, ambazo shujaa wake hutajirika kwa bahati katika sura ya mwisho, hazikumpendeza hata kidogo. Tunaweza kutokubaliana na hukumu zake, nyingine zikiwa ni za mwanamke wa tabaka la kati aliyejua kwa yakini ni nini kilichowafaa watoto wa wengine. Hata hivyo alikuwa na hukumu, na alizitoa mbele ya watoto wenyewe.

Jijini Cleveland, jimbo la Ohio, mambo yalichukua mkondo mwingine. Linda Eastman alianzisha mwaka 1897 chama cha watoto wasomaji katika maktaba ya umma ya jiji hilo. Cleveland ulikuwa mji wa viwanda uliojaa familia za wahamiaji kutoka Ulaya, na chama hicho kiliwataka watoto waahidi kuvitunza vitabu na kuvishika kwa mikono safi. Sharti hilo la mikono safi linachekesha leo, lakini linafichua mengi. Maktaba ilikuwa imefungua mlango kwa mtoto wa kibarua, na papo hapo ikamkagua vidole mlangoni. Ukarimu na udhibiti viliingia pamoja, na havijaachana tangu hapo.

Kadiri mipango ya likizo ilivyoenea katika karne ya 20, ndivyo hesabu ilivyozidi kushika nafasi ya mazungumzo. Mtoto aliandikishwa mwanzoni mwa likizo, akapewa kadi. Kila alipomaliza kitabu alibandikiwa nyota, na idadi ilipotimia akapewa cheti. Si vigumu kuona kwa nini njia hii ilipendwa. Mkutubi anayeomba fedha kwa baraza la mji huhitaji takwimu, na nyota huhesabika kwa urahisi kuliko fikra. Kadi hiyo, hata hivyo, hukiona kitabu chembamba kilichosomwa mbio kuwa sawa na kitabu kilichomkosesha mtoto usingizi. Zaidi ya hayo, humfunza msomaji kwamba kusoma ni kumaliza.

Tusiihukumu hesabu bila kuisikiliza. Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa jiji la Atlanta, akiulinganisha ujifunzaji wa wakati wa masomo na ule wa wakati wa kiangazi. Aligundua kwamba pengo baina ya watoto wa matajiri na wa maskini hupanuka hasa shule zinapofungwa, na kwamba usomaji wa vitabu, pamoja na matumizi ya maktaba ya umma, ulihusiana kwa karibu na maendeleo ya mtoto katika miezi hiyo. Waliosoma vitabu 6 au zaidi walionyesha tofauti. Huko Uingereza, mpango wa kitaifa wa usomaji wa kiangazi ulioanzishwa mwaka 1999 nao uliwataka watoto wasome vitabu 6. Kwa hiyo wingi una maana yake. Suala ambalo takwimu haziwezi kulijibu ni hili: vitabu 6 vipi?

Suala hilo liliulizwa kwa ukali zaidi na wakutubi ambao watoto wao hawakuwamo vitabuni, au walikuwamo kwa namna ya kuaibisha. Orodha ya likizo haiwezi kuwa bora kuliko rafu inayoitegemea, nao waliikagua rafu.

Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, aliajiriwa mwaka 1921 katika tawi la Mtaa wa 135 la Maktaba ya Umma ya New York, mtaani Harlem. Hadithi alizozisikia utotoni mwake hakuzikuta katika vitabu vya maktaba hiyo. Akazisimulia kwa mdomo, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na mwaka 1932 mojawapo, ile ya Pérez na Martina, ikatoka kitabuni. Mkondo wake unastahili kuangaliwa na yeyote anayeshughulikia fasihi simulizi: ngano ilivuka bahari kichwani mwa msimulizi, ikaingia ukumbi wa watoto kama utendaji, na ndipo ikapata nafasi rafuni. Aidha, Belpré aliyafanya hayo kwa lugha mbili, wakati ambapo wengi waliiona lugha ya nyumbani kuwa kizuizi cha elimu.

Katika tawi hilo hilo alifika Augusta Baker mwaka 1937. Alikuta vitabu ambamo mtoto mweusi alichorwa kama kinyago na kusemeshwa kwa lahaja ya kubuni isiyozungumzwa na mtu yeyote. Mwaka 1939 alianza kukusanya vitabu vilivyomchora mtu mweusi kama mtu, mkusanyiko ulioitwa kwa heshima ya James Weldon Johnson, na kutokana nao zikatolewa orodha ambazo maktaba nyingine zilizifuata. Jijini Chicago, Charlemae Rollins alikuwa akifanya kazi iyo hiyo katika tawi la George Cleveland Hall, lililofunguliwa mwaka 1932 katika mtaa wa watu weusi. Mwongozo wake wa mwaka 1941 uliwaeleza walimu na wakutubi namna ya kuvipima vitabu vinavyowahusu Waamerika weusi: lugha wanayosemeshwa wahusika, michoro, nafasi yao katika msuko, na kama wana maisha yoyote nje ya kumchekesha au kumtumikia mzungu.

Tunarudia: lugha, michoro, uhusika, msuko. Msomaji wa jarida hili atavitambua vigezo hivyo mara moja, maana ndivyo vinavyofundishwa katika kozi zetu za uhakiki. Rollins alivitumia kwa sababu Jumatatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, mtoto wa mtaa wake angesimama mbele ya meza na kuomba kitabu, naye angelazimika kumpa kimoja na kukinyima kingine. Mhakiki wa chuo kikuu anaweza kuiahirisha hukumu yake hadi toleo lijalo. Mkutubi hakuwa na nafasi hiyo.

Yana uhusiano gani haya na Kenya? Uhusiano wa kwanza ni wa fedha na mawe. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan, jijini Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa heshima ya William Northrup McMillan, mlowezi aliyezaliwa St. Louis, Marekani. Mjane wake, Lucie, aliijenga kwa msaada wa Shirika la Carnegie la New York, yaani kwa utajiri ule ule wa chuma cha pua uliozijenga maktaba nyingi za Marekani. Wazo la maktaba ya umma lilifika hapa likiwa limekatwa nusu: jengo lilikuja, umma ukaachwa nje. Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia hadi 1958. Baraza la Jiji liliichukua mwaka 1962. Mtoto wa Nairobi wa miaka ya 1940, basi, hakuwa hata na nafasi ya kukaguliwa vidole. Aliwatazama simba wa mawe pale mlangoni, akapita.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda Huduma za Maktaba za Kitaifa za Kenya, zilizoanza kazi mwaka 1967, na matawi yakaenea mikoani. Kuanzia mwaka 1996 vitabu vilibebwa na ngamia kutoka Garissa hadi kwa jamii za wafugaji. Ngamia hao wameandikwa sana na wageni, ambao hupenda picha zao. Yaliyomo ndani ya masanduku waliyobeba yameandikwa kwa nadra.

Likizo yetu haikuwahi kuwa ya kiangazi. Agosti, Nairobi na nyanda za juu huwa na baridi na mawingu, na mtoto wa mkulima huwa na kazi, iwe ni kuchuma kahawa au kuchunga. Lakini adui mkubwa wa usomaji wa likizo hakuwa kazi ya shambani. Alikuwa mtihani. Kwa miaka mingi shule ziliigeuza likizo kuwa muhula wa nne kwa masomo ya ziada ya kulipiwa, hadi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikayapiga marufuku bayana. Marufuku hayo hayakuubadili moyo wa mzazi. Ingia maktaba ya umma siku ya likizo uone: viti vimejaa, na juu ya meza mna vitabu vya marudio ambavyo vijana wamekuja navyo kutoka nyumbani. Maktaba huwapa kiti na utulivu. Rafu za hadithi ziko pale pale, na zimepangwa vizuri kwa kuwa hazijaguswa.

Na hizo rafu zina nini? Hapa ndipo vigezo vya Rollins vinapotufaa sisi wa Kiswahili, na vinapotuuma. Tumezoea kuamini kwamba kitabu kikiwa kwa Kiswahili basi kimekwisha kuwa chetu. Mfano mmoja unatosha. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard, ilitolewa mwaka 1929 na kusomwa na vizazi vya vijana wa Afrika Mashariki, na Kiswahili chake kina ladha ambayo waandishi wengi wa leo wangeitamani. Hata hivyo msuko wake ni wa Waingereza wanaokuja kutafuta almasi katika nchi ya watu weusi, na Mwafrika humo hupimwa kwa kiasi cha uaminifu wake kwao. Kijana aliyeifurahia hakukosea kuifurahia. Alihitaji mtu wa kumwuliza baadaye ni nani aliyekuwa akisimulia.

Upungufu wa vitabu vingine ni wa kweli, na haukusababishwa na wakutubi. Tanzania ilijaribu kuutatua kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ambao uliwashughulikia mwandishi, mchapishaji na maktaba ya shule kwa pamoja. Kwetu wachapishaji wameelekeza macho kwenye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa kwa ajili ya shule, kwa sababu huko ndiko kwenye soko. Hadithi ya watoto huandikwa ikiwa na maswali mwishoni mwa kila sura, na mtoto aliyetoroka darasani hulikuta darasa limemsubiri ndani ya kitabu. Kazi inayofanywa tangu mwaka 2018 na taasisi ya Book Bunk, kwa ushirikiano na kaunti, ya kukarabati maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, inatia moyo, hasa kwa kuwa matawi hayo yako mitaani walimo watoto. Ila rangi mpya ya ukuta haichagui vitabu.

Likizo moja ya Agosti, mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi katika maktaba ya mji mdogo, akingoja mvua ipungue. Msichana wa miaka kumi hivi alikuja kurudisha kitabu cha hadithi cha Kiswahili. Mkutubi akaichukua kadi yake, akaandika jina la kitabu na tarehe. Msichana akasema, bila kuulizwa, kwamba mwisho wa hadithi ile haukuwa wa haki, kwa kuwa mama wa kambo alisamehewa na wote isipokuwa mtoto, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Mkutubi, mtu mpole, aliitazama kadi aone pa kuliandika jambo hilo. Kadi ilikuwa na safu mbili tu. Akamwambia, "Basi keti hapa, mwanangu, uniambie ungeumalizaje wewe," na foleni ikasimama.