Meli Mahali pa Baba: Nasaba na Nyaraka za Wafungwa katika Australia ya Kikoloni

Anayefuatilia nasaba ya ukoo wa Australia hadi karne ya 19 hukutana mapema na jambo la kushangaza: babu aliyefika amefungwa pingu huonekana waziwazi kuliko babu aliyejilipia nauli. Tangu Januari 1788, meli 11 za Gavana Arthur Phillip zilipotia nanga, hadi Januari 1868, meli ya Hougoumont iliposhusha kundi la mwisho huko Fremantle, Uingereza iliwahamishia huko watu wapatao 160,000 waliohukumiwa na mahakama zake. Kuhusu mwizi wa leso twaweza kusoma kimo chake kwa inchi, rangi ya macho yake, herufi alizochanjwa mkononi na idadi ya viboko alivyochapwa. Kuhusu mkulima wa rika lake aliyekwenda kwa hiari, mara nyingi hatujui hata meli iliyomleta. Hoja ya makala haya ni kwamba wingi huo wa habari ni zao la shaka. Serikali iliandika pale ilipomshuku mtu au ilipohitaji nguvu za mikono yake, na mtafiti asiyeuliza kila karatasi iliandikwa kwa haja ya nani atamaliza kazi yake akiwa na nasaba ya majalada, huku watu wenyewe wamemponyoka.

Tuanze na karatasi inayotangulia zote, yaani hati ya makabidhiano iliyosafiri na kila meli. Kisheria haikuwa orodha ya abiria. Mkandarasi wa meli alipewa haki ya kazi ya mfungwa kwa miaka yote ya hukumu, naye alipofika aliikabidhi haki hiyo kwa gavana, kama anavyokabidhi marobota. Ndiyo maana hati za mwanzo zinataja jina, mahakama, tarehe na urefu wa kifungo, kisha zinanyamaza. Wazazi na kijiji cha kuzaliwa havikumhusu mpokeaji. Zilipoanza kurefuka, katika miaka ya 1820 na 1830, kilichoongezwa kilikuwa makovu, rangi ya nywele, dini, ujuzi wa kusoma na ufundi: alama za kumkamatia mtoro na sifa za kumpangia kazi. Karatasi hizo zilikuwa na uzito wa maisha na mauti. Phillip alifika bila kumbukumbu za hukumu za wafungwa wake wengi, na wale waliodai mwaka 1789 kwamba muda wao umekwisha hawakuwa na cha kuonyesha. Waliambiwa wangoje majibu kutoka London, na safari ya barua ilikuwa ya miezi mingi kwenda na mingi kurudi.

Makarani, ambao wengi wao walikuwa wafungwa pia, walikabiliwa na tatizo ambalo mwanazuoni wa nasaba za pwani yetu angelitambua mara moja: wanaume wengi mno walioitwa John Smith. Sisi tungeuliza, bin nani? Wao waliuliza, kwa meli gani? Katika kibali cha kujitafutia kazi, katika cheti cha uhuru, katika ombi la kufunga ndoa, jina la mfungwa lilifuatwa na jina la meli na mwaka iliofika, na meli iliyosafiri mara kadhaa ikapewa namba ya safari. Meli ilikaa mahali pa baba. Kwa mtafiti wa leo huu ni msaada mkubwa, kwa sababu anayeijua meli anaweza kumfuata mtu wake kutoka daftari hadi daftari bila kumchanganya na wengine. Lakini mfumo huo uliikata nasaba makusudi na kuianzisha upya bandarini. Ukoo unaotaka kuvuka bahari kurudi Cork au Staffordshire hauna budi kutoka nje ya daftari hizo, uende kwenye vitabu vya ubatizo na kesi za mahakama za wilaya.

Daftari lililoandikwa na kasisi halikuwa salama zaidi. Mwaka 1806 Samuel Marsden alitayarisha orodha ya wanawake wa koloni, akawagawa mafungu mawili: 395 walioolewa na 1,035 aliowaita masuria. Kigezo chake kilikuwa ndoa iliyofungwa na kanisa lake la Kianglikana. Mwanamke Mkatoliki kutoka Ireland aliyeishi na mume mmoja na kumzalia watoto, au Myahudi aliyeolewa kwa taratibu za dini yake, aliingia fungu la pili. Orodha hiyo ilipokelewa London kama takwimu, ikasaidia kujenga sifa mbaya ya wanawake waliohamishwa, na vizazi vya wajukuu vikaona aibu kwa jambo ambalo lilikuwa hukumu ya mtu mmoja kuhusu uhalali wa ibada. Anayekuta jina la bibi yake humo amepata ushahidi kwamba bibi alikuwapo Sydney mwaka 1806. Kuhusu ndoa yake hajapata kitu.

Hadi hapa nimezungumzia makosa ya walioandika. Walioandikwa nao walijua kuitumia kalamu. Sensa ya New South Wales ya 1828, ya kwanza katika koloni hiyo, iliorodhesha watu 36,598, kati yao 15,728 wakiwa wafungwa, na kila mmoja aliulizwa alifikaje. Mary Reibey, mfanyabiashara tajiri wa Sydney, alijibu kwamba alikuja huru mwaka 1821. Maneno hayo yana ukweli wa aina yake, kwa kuwa mwaka huo alirejea kutoka matembezi ya Uingereza akiwa abiria wa kulipa. Asichokisema ni kwamba mara ya kwanza aliletwa mwaka 1792 kwa meli ya Royal Admiral, baada ya kuhukumiwa miaka 7 kwa wizi wa farasi. Alikamatwa akiwa msichana wa miaka 13 aliyevaa kiume na kujiita James Burrow. Jina lake halisi lilikuwa Mary Haydock, na Reibey ni jina la mume aliyeolewa naye 1794. Ni majina matatu, safari mbili na jibu moja. Mtafiti anayeisoma sensa peke yake angemweka miongoni mwa walowezi huru, tena angekuwa na karatasi rasmi ya kumtetea. Huyu alikuwa maarufu, ndiyo maana twaijua hila yake. Waliojibu vivyo hivyo bila kuwa na jina kubwa bado wamelala humo.

Atasema mtu kwamba nawaonea makarani, kwamba daftari la polisi halina sababu ya kudanganya kuhusu kimo cha mtu. Pingamizi hili lina nguvu, hasa kwa upande wa Van Diemen's Land, ambayo tangu 1856 inaitwa Tasmania. Huko, chini ya utawala wa George Arthur kuanzia 1824, mfungwa alihojiwa mara alipofika, na aliyemhoji alikuwa na taarifa za gereza na za meli mkononi. Mfungwa alitakiwa aeleze kosa lake mwenyewe bila kujua mhoji anajua kiasi gani. Mtego huo ulizaa maelezo ya kuaminika kuliko sensa yoyote. Lakini tazama ukweli huo unatokana na nini: mfungwa alisema kweli pale ambapo uongo ungegundulika. Kuhusu ufundi wake hali ilikuwa tofauti, kwa sababu aliyejiita seremala aliweza kuepushwa na kuvunja mawe barabarani. Mwaka 1988 Stephen Nicholas na wenzake walichapisha utafiti wa wafungwa 19,711 waliofika New South Wales kati ya 1817 na 1840, wakahitimisha kwa kutumia hati za makabidhiano kwamba watu hao walifanana na tabaka la wafanyakazi wa Uingereza kwa jumla. Wakosoaji waliuliza kama kauli za ufundi zinaaminika. Naona pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Katika watu 19,711, waongo mia kadhaa hawaharibu wastani. Katika nasaba, mwongo mmoja ndiye babu yako.

Mlowezi huru naye aliandikwa pale alipogharimu fedha za umma. Waliolipiwa nauli na serikali waliulizwa umri, dini, kazi, na mara nyingi majina ya wazazi. Mpango uliwapendelea vijana, wakulima na watumishi wa nyumbani, kwa hiyo baharini watu walipungua umri na kugeuka wakulima. Aliyejilipia nauli katika daraja la chini la meli aliweza kuwa tarakimu tu katika gazeti. Dhahabu ilipogunduliwa Victoria mwaka 1851, koloni iliyokuwa na watu takriban 77,000 ikavuka 500,000 ndani ya miaka 10, na miongoni mwao walikuwamo wafungwa wa zamani wa Tasmania. Victoria ilijaribu kuwazuia kwa sheria ya 1852. Mtu aliyekwisha kutumikia hukumu yake akapata sababu nzuri ya kubadili jina na kusahau meli, na hapo ndipo nyuzi nyingi za nasaba hukatika. Zinaweza kuungwa tena kwa vyeti vya vifo, ambavyo kuanzia 1853 huko Victoria na 1856 huko New South Wales vilitaka majina ya wazazi, mahali pa kuzaliwa na miaka marehemu aliyokaa katika makoloni. Ila cheti hicho hujazwa kwa kauli ya aliyebaki hai. Miaka 40 iliyotajwa na mtoto inaweza kukuelekeza kwenye meli ya wafungwa ambayo marehemu hakuitaja maisha yake yote, au ikawa makisio ya jirani. Sensa ya 1881 ya New South Wales ingesaidia kuamua, lakini ilizikwa na majivu ya jumba la Garden Palace, lililoungua Sydney Septemba 1882.

Pingamizi la pili ni la kisasa. Inasemwa kwamba kompyuta imemaliza ubishi huu, kwani mradi wa Digital Panopticon umeunganisha kumbukumbu za watu takriban 90,000 waliohukumiwa katika mahakama ya Old Bailey. Kazi hiyo naiheshimu. Hata hivyo programu huunganisha kinachofanana, na mtu anayefanana na nafsi yake kwa miaka 30 mfululizo ni yule aliyebaki mikononi mwa polisi. Aliyerudia makosa ana kurasa nyingi. Aliyeoa, akabadili jina, akalima kwa utulivu, ana mstari mmoja au hana. Uunganishaji haufuti upendeleo wa daftari, unauongezea kasi.

Mipaka ya nyaraka hizi huonekana zaidi kwa wale ambao hata jina hawakuachiwa. Mwaka 1834 wasichana wawili watumwa waliletwa New South Wales kutoka Mauritius, kisiwa ambacho watumwa wake wengi walitoka Madagaska na pwani ya Msumbiji. Mahakama iliandika kosa na adhabu yao. Lugha na ukoo wa mama zao havikuwa na safu katika daftari. Na Waaborijini, ambao ardhi yao ndiyo iliyogawiwa katika kila hati ya mlowezi yenye ekari na majina ya majirani, hawakuhesabiwa katika ile sensa ya 1828. Waliingia katika maandishi serikali ilipoanza kuwagawia mablanketi na kutaka mahesabu: jina la kwao, jina walilopewa na Wazungu, umri unaokisiwa, idadi ya wake na watoto, mahali wanapopatikana. Katiba ya 1901 ilikataza kuwajumlisha katika hesabu ya watu wa Australia, na kifungu hicho, cha 127, kilifutwa kwa kura ya maoni ya 1967.