Kioo Kiko Mkunazini, Kifo Kilikuwa Kokota

Nilishuka Wete, kisiwani Pemba, nikitafuta kanisa lenye dirisha la kumbukumbu ya vita. Mzee mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu kwenye jamvi alinisikiliza, akacheka. "Mwanangu, kioo kiko Unguja. Huku ndiko walikofia." Wafie huku, wakumbukwe kule?

Nikavuka bahari hadi kanisa kuu la Mkunazini. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa la hapo kufungwa. Nilidhani dirisha ni la mabaharia wa manowari Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Zanzibar, Septemba 20, 1914. Nilikosea. Vioo vile vya rangi vinawakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa wakiyawinda majahazi ya watumwa. Makaburi ya makundi yote mawili yako kisiwani Chapwani, na huenda ndiko mkanganyiko ulikoanzia. Hata mimi nilikuwa nimebeba vita visivyo. Je, hivi vingine vilipiganwa wapi?

Njia ikanirudisha Pemba. Desemba 3, 1881, karibu na kisiwa cha Kokota, kapteni wa manowari ya Uingereza, London, alilisogelea jahazi kwa mashua ya mvuke, akiwa na watu wachache. Jahazi lilipeperusha bendera ya Ufaransa. Kabla karatasi hazijakaguliwa, risasi zilivuma. Kapteni alipigana kwa kitako cha bunduki hadi akauawa. Ushujaa huo sikatai. Lakini soko lilishafungwa miaka minane nyuma. Mbona jahazi lilikuwa bado limebeba watumwa?

Hapo nikaikumbuka karafuu ya yule mzee. Kimbunga cha 1872 kiliifyeka mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba kwa sehemu kubwa ikanusurika. Wenye mashamba wakahamishia matumaini huku, na karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo baada ya kikonyo; kazi hiyo walifanyishwa watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na kupiga marufuku usafirishaji baharini, ila mtumwa aliyekwisha kufika shambani haukumgusa. Mabaharia waliziba mlango ambao shamba lilikuwa likiuvuta kutoka ndani. Sasa kioo kinasimulia vita vizima, au nusu yake?

Nilirudi Wete msimu haujaisha. Mzee alinyoosha kidevu upande wa Kokota, akaendelea kugeuza karafuu zake. Sheria iliacha kuutambua utumwa visiwani Aprili 1897, miaka 15 na miezi minne baada ya kapteni yule kuuawa.