Tarehe Ilipohamia Kwenye Jina la Faili

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rael Dornfest alitoa Blosxom, programu ndogo ya Perl iliyoendesha tovuti bila hifadhidata. Kila makala ilikuwa faili la maandishi matupu: mstari wa kwanza kichwa, iliyobaki habari yenyewe. Mada zikizidi, mwandishi alifungua folda, hii ya mapishi, ile ya safari. Na tarehe? Blosxom iliichukua kwenye saa ambayo kompyuta huligongea faili kila linapohifadhiwa.

Hapo ndipo palipozuka kasheshe. Mtu akifungua makala ya mwaka juzi kusahihisha herufi moja, akaihifadhi, makala ilirukia juu kabisa ya ukurasa kama habari ya leo. Kuhamisha mafaili kwenda seva nyingine bila uangalifu kuliweza kuifanya kazi ya miaka mitatu ionekane imeandikwa alasiri moja.

Mwaka 2004 John Gruber, akishauriana na Aaron Swartz, alitoa Markdown, mtindo wa kutia alama kwenye maandishi matupu: kinyota huku na huku kwa msisitizo, alama ya reli mbele ya kichwa. Faili lilisomeka hata kabla ya kugeuzwa kuwa HTML.

Suala la tarehe lilishughulikiwa vizuri San Francisco, mwaka 2008. Tom Preston-Werner, mmoja wa waasisi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, alitunga Jekyll, programu ya kutengeneza tovuti, kwa lugha ya Ruby. Makala zote zilikaa kwenye folda ya _posts, na kila jina lilianza na siku yake: 2008-11-17, kisha kichwa. Kutanguliza mwaka hakukuwa pambo. Kompyuta ikipanga majina kwa kufuata alfabeti, inakuwa imeyapanga kwa tarehe pia, na kuhariri makala hakubadilishi kitu. Maelezo mengine yaliwekwa juu ya makala, kati ya mistari miwili ya vistari vitatu. Desemba ya mwaka huohuo GitHub ikaanza kuhudumia kurasa za namna hii, na mtindo ukasambaa.

Hugo, programu nyingine ya aina hiyo ya Steve Francia, iliyotoka 2013, ilizoesha watu kuandika tarehe humo juu ya makala, ikaiachia folda kazi ya kuunda anwani: content/mapishi/pilau.md huwa ukurasa wa /mapishi/pilau/. Ila picha za pilau zilikaa mbali, kwenye folda ya static, zimechanganyika na picha za kila kitu. Miaka michache baadaye makala iliruhusiwa kuwa folda yenyewe: ndani index.md, pembeni yake picha ya sufuria. Ukiifuta pilau, sufuria inaondoka nayo.